Maswali mnayotuuliza sana kuhusu darasa la mtandaoni la historia ya mauaji ya kimbari (kidato cha tatu mpaka cha sita, Mwanza)

Kila likizo ikikaribia simu yangu inajaa maswali yale yale, wengine wanauliza kwa upole, wengine kwa hasira, na wote wana haki kwasababu ni watoto wao. Mimi ni mwalimu wa historia hapa Mwanza, darasa hili naliendesha na mwalimu mwenzangu jioni, kwa simu na kompyuta. Nimejibu hapa vile ambavyo ningekujibu tukikutana stendi ya Nyegezi, na pale ambapo jibu ni refu mnisamehe, ni refu kwasababu jambo lenyewe ni zito.

Mwalimu, Rwanda ni kwao, sisi tuko Mwanza, watoto wetu inawahusu nini?

Inawahusu kwa maji kwanza. Chukua ramani, tafuta mto Nyabarongo ndani ya Rwanda, ufuate unavyokuja kuwa Akagera, sisi tunauita Kagera, unatembea mpakani kwetu, unakata mkoa wa Kagera, af unamwaga Ziwa Victoria pale karibu kabisa na mpaka wa Uganda. Aprili na Mei 1994, Wahutu wenye msimamo mkali walipokuwa wanawaua Watutsi nchini Rwanda, mto huo ulileta maiti za watu ziwani, maelfu, wanaume wanawake na watoto, wengine wamefungwa mikono. Upande wa Uganda, Kasensero, Lambu na Ggolo, wavuvi na wanavijiji walizitoa majini wakazizika na makaburi ya kumbukumbu yapo mpaka leo. Watu wengi wa ziwani waliacha kula samaki kipindi hicho. Muulize yeyote aliyekuwa anauza sato au sangara kandokando ya ziwa mwaka ule, atakwambia bila kufungua kitabu.

Na kuna kitu wanafunzi wakikisikia wanakaa kimya. Tarehe 22 Novemba 1992, sehemu inaitwa Kabaya, mwanasiasa Léon Mugesera alihutubia mkutano akasema Watutsi watarudishwa kwao Ethiopia kwa njia ya mkato, kupitia Nyabarongo. Yani mto ulitajwa kwenye hotuba mwaka mmoja na nusu kabla haujabeba mtu, watu wakapiga makofi wakarudi nyumbani. Mugesera alikimbilia Canada, akarudishwa Rwanda 2012, akahukumiwa kifungo cha maisha 2016.

Ukiacha maji, nchi yetu imo humo ndani kila upande. Makubaliano ya amani kati ya serikali ya Rwanda na RPF, waasi walioongozwa na Watutsi, yalisainiwa Arusha tarehe 4 Agosti 1993. Ndege ya rais wa Rwanda, Habyarimana, iliyodunguliwa usiku wa tarehe 6 Aprili 1994 ilikuwa inatoka kwenye mkutano Dar es Salaam, na ndani alikuwemo pia rais wa Burundi, Cyprien Ntaryamira. Tarehe 28 na 29 Aprili watu kama 250,000 walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara ndani ya saa 24, wakawekwa kambi ya Benaco, wengi wao Wahutu wanaokimbia vita jeshi la RPF likisonga mbele, na katikati yao wamechanganyika walioua. Halafu kesi za wakubwa zikaja kusikilizwa Arusha, kwenye mahakama ya kimataifa ya Umoja wa Mataifa. Sasa mtoto wa kidato cha nne Mwanza anamaliza shule anajua Bismarck aliunganisha Ujerumani mwaka gani lakini hajui kilichopita kwenye maji anayochotea, mimi hilo siwezi kulikubali.

Ni wa umri gani? Wa kidato cha kwanza hawezi kuingia?

Kidato cha tatu kwenda juu. Wadogo hapana, hata kama ana akili sana darasani, hata kama dada yake yumo. Tumekataa watoto wa marafiki zetu wenyewe.

Hivi mauaji ya kimbari ni nini hasa, si vita tu kama vita nyingine?

Hapana, na hapa huwa tunakaa wiki nzima. Neno lenyewe la Kiswahili linasaidia, mbari ni ukoo, watu wa asili moja, kwa hiyo kimbari ni kuua watu kwasababu ya asili yao. Kwenye vita askari akitupa silaha akanyoosha mikono, vita yake imeisha, ila hapa mtoto mchanga hana namna ya kusalimu amri kwasababu kosa lake ni kuzaliwa. Jina la kimataifa la kosa hili, genocide, lilitungwa na mwanasheria Myahudi kutoka Poland, Raphael Lemkin, akalichapisha 1944, na tarehe 9 Desemba 1948 Umoja wa Mataifa ukapitisha mkataba. Mkataba unalinda makundi ya aina nne, ya utaifa, ya kabila, ya rangi na ya dini, na unataja matendo matano: kuua, kuwaumiza vibaya mwili au akili, kuwawekea maisha ya kuwamaliza taratibu, kuwazuia wasizae, na kuwanyang'anya watoto wao kuwapeleka kundi lingine. Juu ya hayo yote lazima iwepo nia ya kuliangamiza kundi, lote au sehemu yake. Hiyo nia ndo inawafanya majaji wakae miaka, kwasababu nia haionekani kwa macho, unaitafuta kwenye hotuba, kwenye amri, kwenye orodha za majina, kwenye namna walivyochagua nani afe.

Swali linalokuja kila mwaka ni Majimaji. Mwanafunzi ananyoosha mkono, mwalimu, mbona Wajerumani waliwamaliza watu wa kusini 1905 mpaka 1907, walichoma mashamba na maghala wakaacha njaa imalizie, waliokufa wanakadiriwa kuanzia 75,000 mpaka 300,000, ile sio kimbari? Ni swali zuri kuliko yote na siwapi jibu la mkato, wanahistoria wenyewe hawajakubaliana. Nawawekea pembeni yake Waherero na Wanama wa Namibia, 1904 mpaka 1908, ambako jenerali Lothar von Trotha alitoa amri ya maandishi Oktoba 1904 kwamba kila Mherero atakayekutwa ndani ya mpaka apigwe risasi, na Ujerumani ilikubali 2021 kuiita kimbari. Halafu wanabishana, nani ana ushahidi wa nia na nani hana, na hapo ndo mwanafunzi anaelewa sheria inatofautiana vipi na maumivu. Rais wa Ujerumani Steinmeier alipokuja Songea Novemba 2023 aliomba msamaha kwa ya Majimaji, hiyo nayo tunaisoma.

Swali la pili, ambalo linatoka zaidi kwa watoto wa huku kwetu, ni ndugu zetu wenye ualbino. Kanda ya Ziwa tunajua yaliyotokea, watu wamekatwa viungo, wameuawa, kwa imani za utajiri. Kwa mkataba ule sio kimbari, kundi hilo halimo kwenye yale manne na lengo la wauaji lilikuwa lingine. Lakini nawaambia waangalie hatua ya kwanza. Kabla panga halijainuliwa kulikuwa na maneno, kwamba hawa sio watu, kwamba hawafi wanapotea tu. Mwanafunzi aliyekua anasikia maneno hayo nyumbani anaielewa Rwanda haraka sana.

Kwanini mtandaoni? Si msubiri shule zifungue mfundishe ubaoni?

Ubaoni nina vipindi vichache na silabasi ndefu, Rwanda inapata dakika chache ikibahatika. Pia kuna vitu mtandao unaleta ambavyo chaki haileti. Safari ya Kigali, hata sasa hivi ambapo unavuka daraja la Kigongo–Busisi unanyoosha Geita mpaka Nyakanazi, Benaco, Rusumo, bado ni nauli, hati ya kusafiria, malazi, familia nyingi haziwezi. Kwa simu mtoto anaiona Gisozi, pale Kigali, walipozikwa watu zaidi ya 250,000, anaiona Murambi ambayo ilikuwa shule ya ufundi bado inajengwa watu walipokimbilia wakidhani watakuwa salama. Gisozi, Murambi, Nyamata na Bisesero UNESCO waliziingiza kwenye urithi wa dunia 2023. Kuna shuhuda za walionusurika zilizorekodiwa, USC Shoah Foundation peke yao wana zaidi ya 50,000, nyingi za Wayahudi na zipo za Wanyarwanda. Na hukumu za mahakama ya Arusha ziko wazi, mtoto wa Buzuruga anasoma maneno ya jaji mwenyewe, sio muhtasari wa mwalimu.

Simu shuleni haziruhusiwi, tunajua, ndo maana darasa ni la likizo, na kwa wale wa bweni tumeomba chumba cha kompyuta pale ambapo mkuu wa shule amekubali.

Bando je? Mimi nauza dagaa, siwezi kununua GB kila siku.

Mama, hilo tumelifikiria sana. Laivu ni mara moja kwa wiki tu, saa moja, na kamera zinazimwa kwasababu video ndo inamaliza bando, saa moja ya video inaweza kula hata GB nzima. Siku nyingine zote ni voisi za dakika tatu nne kwenye grupu la WhatsApp na PDF nyepesi, mtoto anapakua mara moja anasikiliza hata mara kumi. Ushuhuda wa video tunautoa sauti tu, na mara nyingi sauti tupu inaingia moyoni kuliko picha. Umeme ukikatika au simu ni ya mama na mama yuko mwaloni, haina shida, hakuna mahudhurio ya kuita majina, kazi inakusanywa ndani ya siku saba. Wapo wawili watatu wanaotumia simu moja, tunawapa kazi moja ya pamoja. Asiye na simu kabisa aje achukue karatasi.

Mnawaonyesha picha za maiti?

Hapana. Hatuonyeshi.

Nataka nieleze kwanini kwasababu mwaka wa kwanza tulikosea. Niliweka kwenye grupu picha moja ya mafuvu yaliyopangwa kwenye rafu, nilidhani nawaonyesha ukubwa wa jambo. Ndani ya saa moja ilikuwa imefowadiwa kwenye magrupu mengine, kuna mtu kaiwekea maneno ya kutishia, na binti mmoja wa kidato cha tatu hakuandika neno lolote kwa wiki mbili. Nilienda kwao kuomba radhi. Mama yake aliniambia kitu sijakisahau, mwalimu wewe umemwonyesha mifupa, hujamwonyesha watu.

Toka hapo kila mada inaanza na mtu akiwa hai. Alikuwa anafanya kazi gani, alikuwa anacheza mpira timu gani, Jumapili walikuwa wanakula nini. Ukishamjua mtu hivyo, ukiambiwa aliuawa inatosha. Na marufuku kufowadi kitu chochote nje ya grupu, marufuku kupiga picha skrini, hiyo ni sheria ya kwanza na tumeshamtoa mtu kwa hilo.

Kuna jambo lingine la watu wa Mwanza wenyewe. Ukisema miili ziwani, mtoto wa hapa anawaza mara moja meli ya MV Bukoba iliyozama tarehe 21 Mei 1996, makaburi ya Igoma anayapita kila siku, na kuna nyumba hazikupata hata mwili wa kuzika. Kwa hiyo kabla ya somo la mto Kagera nawatumia wazazi ujumbe, na mwanafunzi ambaye familia yake iliguswa na ile meli anaruhusiwa kuliruka somo bila kuulizwa. Darasani tunayatenganisha wazi, ile ilikuwa ajali, hii watu walikaa kikao.

Basi kama hamuonyeshi picha mnafundisha nini wiki zote hizo?

Maneno. Nusu ya darasa letu ni maneno na karatasi.

Tunaanza na kitambulisho. Wabelgiji, waliokuwa wanaitawala Rwanda, miaka ya 1930 waliandika kwenye kadi ya kila Mnyarwanda, huyu Mhutu, huyu Mtutsi, huyu Mtwa. Watu wale walikuwa na lugha moja, milima ile ile, wanaoana, na mtu aliweza kubadilika kutokana na ng'ombe na cheo, kadi ikagandisha yote ikawa kitu unarithi kwa baba. Miaka sitini baadaye kadi hiyo hiyo inaombwa kwenye kizuizi cha barabarani na jibu lake ni kuishi au kufa. Wanafunzi wakubwa wanaelewa kwasababu wengi ndo wanafuatilia namba za NIDA, ghafla wanaitazama karatasi kwa jicho lingine.

Af tunakwenda kwenye redio. RTLM ilianza kurusha katikati ya 1993, ilikuwa redio tamu, muziki mzuri wa Kikongo, watangazaji wachangamfu wanaoongea lugha ya mtaani, vijana waliipenda. Katikati ya muziki Watutsi wanaitwa inyenzi, mende, wanaitwa inzoka. Watoto wa Kisukuma wanashtuka hapo maana nyoka kwao ni nzoka, hawahitaji tafsiri. Na kuua kuliitwa gukora, kufanya kazi. Mwanafunzi mmoja wa Bukoba alituma voisi usiku, mwalimu, kwetu Kihaya kazi ni neno hilo hilo, bibi yangu analitumia kila asubuhi. Neno la bibi la asubuhi, limegeuzwa kuwa amri ya kuua jirani. Sikuhitaji kuongeza kitu.

Mmoja wa waanzilishi wa redio hiyo, Ferdinand Nahimana, alikuwa mwanahistoria wa chuo kikuu. Mwalimu wa historia kama mimi. Alihukumiwa Arusha Desemba 2003 pamoja na Jean-Bosco Barayagwiza na Hassan Ngeze wa gazeti la Kangura, lile lililochapisha "amri kumi za Wahutu" Desemba 1990. Nawaambia wanafunzi wazi kwamba elimu haikumzuia, kwa hiyo wasiniamini mimi kwasababu tu nina digrii, waangalie nasema nini kuhusu watu.

Somo ambalo naliheshimu kuliko yote ni la Jean-Paul Akayesu. Alikuwa mwalimu, akawa mkaguzi wa shule, akawa meya wa wilaya ya Taba. Wiki ya kwanza na zaidi ya mauaji alizuia, Taba ilikuwa na utulivu kiasi, majaji wenyewe wameandika hivyo. Tarehe 18 Aprili kukawa na mkutano wa viongozi Murambi ya Gitarama (sio ile Murambi ya shule ya ufundi), na baada ya hapo Akayesu akabadilika, akaacha kuzuia akaanza kushiriki. Tarehe 2 Septemba 1998 akawa mtu wa kwanza duniani kutiwa hatiani na mahakama ya kimataifa kwa kosa la kimbari, na kwenye hukumu hiyo hiyo ubakaji ukatambuliwa kwamba unaweza kuwa tendo la kimbari. Hiyo ilisomwa Arusha, kwetu. Wanafunzi nawapa swali moja tu la kuandika, kati ya tarehe 18 na 19 alikuwa na njia zipi mkononi. Nimepokea insha za kurasa sita kutoka kwa watoto ambao shuleni hawaandiki nusu ukurasa.

Na ili wasibaki na wauaji peke yao kichwani, tunasoma Nyange. Machi 1997, miaka mitatu baadaye, waasi waliingia usiku shule ya sekondari Nyange wakawaamuru wanafunzi wajitenge, Wahutu huku Watutsi kule. Wanafunzi wakakataa, wakasema sisi ni Wanyarwanda. Wakapigwa risasi na mabomu ya mkono, baadhi wakafa. Walikuwa kidato cha tano na cha sita.

Mnawafanya waigize, mmoja Mhutu mmoja Mtutsi?

Hapana, kabisa. Wapo walimu wanaofanya hivyo kwa nia njema lakini mtoto hawezi kuujua woga ule kwa kuigiza dakika kumi, na anayepewa kuwa muuaji anaweza kucheka kwa aibu tu na kicheko hicho kikamuumiza mwenzake.

Mnawakataza watoto utani wa makabila? Huku kwetu utani ni mila.

Utani haukatazwi, utani ni hazina. Msukuma na Mzaramo wakikutana msibani wakataniana, yule mtani ndo anayebeba jeneza, ndo anayesaidia kupika, utani una wajibu ndani yake na unakwenda pande zote mbili. Tunachowafundisha ni kupima. Je, naye anaweza kunijibu? Nikifiwa atakuja? Neno nililomwita ni la mtu au la mdudu? Neno la mdudu halina mtani, nimewaambia hivyo na sasa wanakumbushana wenyewe kwenye grupu, juzi kulikuwa na mtu kawaita mashabiki wa timu nyingine mende na wenzake watatu wakamjibu kabla mimi sijafungua simu.

Nina mtoto darasani ambaye mama yake ni Mnyarwanda (mwingine kauliza Mrundi). Mtamfanyaje?

Hatumfanyi chochote, na hilo ndo la muhimu. Hatumuulizi yeye ni nani, hatumgeuzi shahidi, hatusemi "mwenzetu fulani atueleze". Kanda hii ina watu waliokuja 1959, waliokuja 1972 kutoka Burundi ambako waliolengwa zaidi walikuwa Wahutu, waliokuja 1994, na wengine ni Watanzania tangu babu. Ndani ya nyumba moja unaweza kukuta aliyenusurika na ambaye mjomba wake yuko gerezani. Mtoto akitaka kusema atasema mwenyewe, kwa voisi kwangu binafsi kwanza. Mzazi ukitaka tuongee kabla niite tu, nimeshakaa na akina mama kadhaa na waliniambia bora nijue nini kinafundishwa kuliko mtoto aokote TikTok.

Mwanangu kaona klipu inasema haya mambo ni uongo, wengine wanasema pande zote ziliuana sawasawa. Mnajibuje?

Tunafungua karatasi. Juni 2006 majaji wa rufaa wa mahakama ya Arusha walisema kwamba kutokea kwa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ni jambo linalojulikana kiasi kwamba halihitaji tena kuthibitishwa kwenye kesi. Waliouawa ndani ya siku kama 100 ni kuanzia watu 800,000 mpaka zaidi ya milioni moja, kutegemea nani kahesabu. Jina rasmi la Umoja wa Mataifa ni mauaji ya kimbari ya 1994 dhidi ya Watutsi nchini Rwanda, na kumbukumbu ni tarehe 7 Aprili.

Lakini hatuwafichi mengine. Waliuawa pia Wahutu waliokataa, waziri mkuu Agathe Uwilingiyimana alikuwa Mhutu na aliuawa asubuhi ya tarehe 7. Na ndiyo, askari wa RPF nao waliua raia, ripoti zipo, ni uhalifu, na familia zile nazo zina machozi. Kusema hilo hakufuti lile la kwanza, na mtu anayelitumia ili kufuta, hapo ndo tunawafundisha watambue. Mwanafunzi akileta klipu tunamwomba aulize imewekwa na nani, imekatwa kutoka wapi, kabla na baada ya hapo alisema nini.

Na Wayahudi? Au mnafundisha Afrika tu?

Tunafundisha, wiki mbili. Wayahudi milioni sita, na tunakaa zaidi kwenye zile sheria na matangazo ya miaka ya 1930 kuliko kwenye kambi. Waarmenia 1915 na Kambodia 1975 mpaka 1979 tunavigusa kwa ufupi, Srebrenica ya Bosnia kidogo zaidi kwasababu ilikuwa Julai 1995, mwaka mmoja tu baada ya Rwanda, wanaume na wavulana kama 8,000, na walinda amani wa Umoja wa Mataifa walikuwepo. Wanafunzi wanaunganisha wenyewe na Kigali, ambako Baraza la Usalama tarehe 21 Aprili 1994, watu wakiwa wanauawa, liliamua kupunguza wanajeshi wake mpaka 270.

Gaza na Sudan mnasemaje? Watoto wanaona kila siku.

Wanauliza, na kukwepa ni kuwadharau. Tunawaonyesha namna swali linavyopelekwa mahakamani: Afrika Kusini ilifungua kesi dhidi ya Israel huko The Hague Desemba 2023, Gambia ilifungua dhidi ya Myanmar 2019, na Omar al-Bashir, akiwa rais wa Sudan, alitolewa hati ya kukamatwa yenye kosa la kimbari la Darfur 2010. Kesi ya Bosnia dhidi ya Serbia ilifunguliwa 1993 ikaamuliwa 2007, miaka 14. Kwa hiyo wanajifunza mambo mawili kwa pamoja, kwamba hukumu inachelewa sana, na kwamba mtu hahitaji kusubiri hukumu ili amhurumie mtoto mwenye njaa. Maoni yao waseme, kumtukana mtu wa dini nyingine kwenye grupu hapana.

Lugha gani?

Kiswahili. Nyaraka nyingi ni za Kiingereza na Kifaransa, tunawapa vipande vifupi na tafsiri yetu. Mtihani wataandika kwa Kiingereza, ila kulia na kubishana wanafanya kwa Kiswahili na Kisukuma.

Hii itatoka NECTA?

Baadhi inaweza kutoka, nyingi haitatoka. Kama unamleta kwa ajili ya maksi peke yake mpeleke tuisheni ya kawaida tu, hatutakasirika.

Wazee tunaruhusiwa kusikiliza?

Tunawaomba kabisa. Kazi ya wiki ya tatu ni mtoto kumuuliza mtu mzima wa nyumbani, mwaka 1994 ulikuwa wapi na ulisikia nini, na kurekodi kwa ruhusa yake. Tumepata voisi za dereva wa lori aliyepita Ngara, za mama aliyekuwa anauza samaki akarudi na beseni limejaa siku baada ya siku, za mzee aliyesema tu "nilisikia redioni nikazima". Usione kama huna cha kusema.

Mtoto wangu amekuwa kimya toka ameanza darasa, hali vizuri. Nifanyeje?

Nipigie siku hiyo hiyo, usisubiri Jumamosi. Usimwambie aache kuwaza wala usimlazimishe kuongea, kaa naye mfanye kazi ya mikono, muanike dagaa, mchambue mchele, maneno yatakuja yenyewe. Mwambie anaweza kusimama wiki moja au kuacha moja kwa moja, hakuna anayefeli. Usiku simu abaki nayo mzazi, voisi zisikilizwe mchana. Ikipita wiki mbili bado halali au anaota vibaya, mpeleke hospitali aonane na mtaalamu wa afya ya akili, nami nitakuja twende wote kama utataka. Yule binti wa mwaka wa kwanza alirudi. Aliporudi alituma voisi moja ya sekunde kumi na moja, akauliza wale watu wa Kasensero waliozika miili ambayo hawaijui majina, waliwaombea kwa dini gani. Sikuwa na jibu, nikamwambia tulitafute wote.